Dawa inaniendesha tumbo, na mama mkwe amekuta vidonge vya mpango

Mama, pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Nina miaka 28, nimeolewa mwaka wa nne sasa, na ninauza mitumba, magauni ya wanawake, katika soko la Kibuye. Sijajaliwa mtoto. Tangu usichana wangu hedhi huja inapotaka. Yaweza kupotea miezi minne, halafu ije ikae siku kumi na mbili. Ndevu zilianza kuota kidevuni nikiwa na miaka 20. Nazing'oa kwa kibano kila alfajiri mume wangu akiwa bado amelala, naye hujifanya hajui.

Miezi minne iliyopita nilijikaza nikaenda hospitali. Nikapigwa picha ya tumbo, ovari zote mbili zikaonekana zimejaa vifuko vidogo vidogo. Damu ikapimwa pia. Daktari akasema nina PCOS, hitilafu ya homoni inayovuruga ovari na hedhi. Foleni ilikuwa ndefu, akaandika haraka: metformini ya miligramu 850 asubuhi na jioni, na vidonge vya mpango wa uzazi ili hedhi ijirekebishe. Akaongeza kwamba nipunguze mwili (nina kilo 84), kisha akaita mwingine.

Mama, metformini ilinitesa. Natoka nyumbani Manyatta saa kumi na moja alfajiri ili nikute mabelo yakifunguliwa, kwa hivyo nilikuwa nameza kidonge kwa chai ya rangi na kuondoka. Kufika saa mbili tumbo lishaanza kunguruma. Choo cha sokoni ni shilingi kumi kila unapoingia. Kuna asubuhi nililipa sitini kabla sijauza gauni hata moja. Mdomoni kulikuwa na ladha ya chuma, kama mtu aliyelamba sarafu. Wiki ya tatu nikaacha, wala sikumwambia mtu. Kijana wa duka la dawa alinitia hofu zaidi, akasema hiyo ni dawa ya sukari na nikiizoea itaniua figo.

Vidonge vya mpango naendelea navyo kwa sababu havinisumbui. Ni kichwa tu. Zamani kilikuwa kikiniuma upande mmoja labda mara mbili kwa mwaka, siku hizi ni kila baada ya wiki mbili tatu. Kwanza naona mwanga unaometameta pembeni mwa jicho, kama bati lililopigwa na jua, hata noti niliyoshika sioni ni ya mia au ya mia mbili. Kama nusu saa hivi mwanga unapotea, ndipo kichwa kinaanza kugonga. Nafikiri ni jua la sokoni.

Sasa mama mkwe alikuja kutoka Ugenya, akakaa nasi wiki mbili. Akitafuta sindano kabatini akakuta paketi ya vidonge. Aliiweka mezani mbele ya mume wangu, akaniambia, "Miaka minne namwomba Mungu akupe mtoto, kumbe wewe unamfungia mlango." Mume wangu hakusema neno.

Shemeji yangu amenipa namba ya mama mmoja anayeuza mitishamba ya kusafisha kizazi na kuyeyusha vifuko, shilingi 4,500 kwa dozi ya siku 21. Anasema haina madhara kwa sababu ni ya asili. Nimeshaweka akiba 3,000. Mtoto namtaka, lakini sitaki kuuharibu mwili wangu kwa madawa. Nisaidie kuchagua.

Muuza Magauni, Kisumu

*

Mwanangu Muuza Magauni,

Kabla ya lolote lingine: kidonge cha mpango cha leo usikimeze. Wala cha kesho. Chukua ile paketi, uende nayo hospitalini siku ya kwanza utakayopata nafasi, na ikiwezekana nafasi hiyo iwe kesho.

Kichwa unachonieleza si jua la sokoni. Wazee wetu walikipa jina, kipandauso, na chako ni cha ile aina inayotanguliwa na mwanga machoni. Vidonge vingi vya mpango vina homoni mbili, estrojeni na projestojeni. Estrojeni huifanya damu iwe rahisi kuganda. Mwanamke mwenye kipandauso cha aina yako tayari ana hatari ya kiharusi iliyo juu kidogo kuliko mwenzake, na estrojeni huipandisha zaidi. Shirika la Afya Duniani limepanga hali za kiafya katika madaraja manne kulingana na usalama wa kila njia ya mpango, na kipandauso chenye mwanga kimewekwa daraja la nne kwa vidonge vya homoni mbili, yaani visitumike kabisa. Hatari yenyewe kwa mtu wa umri wako ni ndogo. Sikuandikii ili usipate usingizi. Lakini ni hatari isiyo na sababu ya kubebwa wakati njia nyingine zipo. Na kama siku yoyote uso utapinda upande mmoja, mkono ukalegea, ulimi ukawa mzito, mguu mmoja ukavimba na kuuma, au kifua kikabana ukakosa pumzi, usingoje kesho wala usiende duka la dawa. Panda chochote chenye magurudumu uende kitengo cha dharura.

Ulipouandika ule mstari wa kichwa, ulianza na "ni kichwa tu". Niliusoma mara tatu. Uliacha dawa ambayo ingevumilika, ukaivumilia dawa ambayo ilipaswa kuachwa. Sikulaumu hata kidogo. Tumbo lina kelele, linakutoa mbio mbele ya wateja na kukulipisha choo, lakini mwanga wa pembeni mwa jicho huja kimya ukaenda zake. Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya wanawake huku magharibi kwa miaka mingi, na niliona haya tena na tena: mtu hupima ubaya wa dawa kwa kadiri inavyomwaibisha. Daktari alipaswa kukuuliza juu ya kichwa na kukupima presha kabla ya kuandika vidonge hivyo. Pengine foleni ilimlemea. Nawe hukujua kwamba ni jambo la kusema.

Ukiviacha katikati ya paketi huenda ukatokwa na damu siku mbili tatu baadaye. Usishtuke. Na ujue mimba inaweza kuingia mara tu unapoacha, kwa sababu vidonge hivi havibaki mwilini kuziba chochote.

Hapo ndipo lilipo jibu la mama mkwe. Yai lisipokomaa na kutoka, mwili hautengenezi projesteroni ya kutosha, ile homoni ambayo projestojeni ya vidonge huiiga, na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi huendelea kunenepa mwezi baada ya mwezi bila kumwagwa. Ndiyo maana hedhi yako ikija inakaa siku kumi na mbili. Utando huo ukiachwa hivyo miaka na miaka unaweza kugeuka saratani. Daktari alikupa vidonge ili kuulinda mfuko wenyewe ambao mama mkwe anataka ubebe mjukuu wake. Mtu hupalilia shamba kabla ya kupanda. Nia ilikuwa sahihi, chombo ndicho hakikukufaa wewe.

Zipo njia nyingine za kuulinda. Kuna vidonge vya projestojeni peke yake, ambavyo mtu humeza siku 10 hadi 14, akiacha hedhi inakuja. Vinaweza kurudiwa kila hedhi inapopotea, na shabaha ni usipitishe siku 90 bila kutokwa na damu. Hivi havina estrojeni. Vyaweza kukuletea uchovu, matiti kuuma na hasira za karibu kwa siku chache. Kabla ya kuvianza pima mkojo kwanza, usije ukawa na mimba na hujui. Kuna pia koili yenye homoni, nzuri sana kwa mwanamke asiyetafuta mtoto kwa sasa, ila kwako wewe unayemtafuta haina maana.

Sasa metformini.

Ulianza na kishindo. Miligramu 850 mara mbili tangu siku ya kwanza, tena kwa chai ya rangi juu ya tumbo tupu, ni watu wachache sana wangestahimili. Tumbo huzoea dawa hii likipewa nafasi ya kuizoea. Mwombe daktari uanze upya na miligramu 500 mara moja kwa siku, uimeze katikati ya chakula cha jioni. Sio kabla ya chakula. Kula nusu ya ugali wako na omena, meza kidonge, malizia sahani. Ukae hapo wiki moja au mbili. Tumbo likitulia, ongeza 500 nyingine, na hivyo hivyo mpaka ufike kiwango atakachokupangia. Likigoma, rudi hatua moja nyuma. Hata likianza kukusumbua litakusumbua usiku, choo kiko nyumbani na hakuna wa kukudai shilingi kumi. Tena uliza kama kuna metformini inayoyeyuka polepole. Bei yake huwa juu kidogo, lakini wengi walioshindwa na ile ya kawaida huiweza. Hiyo usiitafune wala kuivunja. Ukiona ganda la kidonge kwenye choo, dawa ilishatoka, ni ganda tu.

Ladha ya chuma hupungua yenyewe kwa wengi. Jambo lisilotajwa sana ni vitamini B12, ambayo metformini huweza kuipunguza mtu akiitumia kwa miaka. Nyayo zikianza kufa ganzi au uchovu ukazidi, omba ipimwe. Mayai, maziwa, maini na samaki vinayo, na omena unayoila nzima na kichwa chake ni samaki kama samaki wengine.

Kuhusu figo, yule kijana aliigeuza hadithi. Metformini haiui figo. Hutoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo mtu ambaye figo zake zilikuwa zimechoka tayari hujaza dawa kwenye damu, na hilo ndilo la hatari. Ndiyo sababu figo hupimwa kabla ya kuanza na kila baada ya muda. Na siku ukitapika au kuendesha sana kwa homa ya matumbo au chakula kibaya, simamisha metformini mpaka uweze kula na kunywa tena.

Ni kweli ni dawa ya sukari. Lakini chanzo cha mengi yanayokupata ni kwamba mwili wako hauisikii vizuri insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, kwa hiyo kongosho linamwaga insulini nyingi zaidi ili isikike. Wingi huo unaziamsha ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Zinakuotesha ndevu, na kuyazuia mayai yasikomae. "Vifuko" ulivyoonyeshwa kwenye picha ni vijumba vya mayai vilivyoanza kukua vikasimama njiani. Si uvimbe, havihitaji kuyeyushwa wala kupasuliwa. Metformini inausaidia mwili kuisikia insulini. Haikufanyi kuwa mgonjwa wa kisukari. Ila uombe upimwe kisukari sawasawa, kile kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 na kutolewa damu baada ya saa mbili, maana wenye PCOS wako karibu nacho kuliko wengine, na ukipata mimba ukaribu huo unazidi.

Hauko peke yako, mwanangu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu mwanamke mmoja katika kila 10 wa umri wa kuzaa ana PCOS, na hadi 70 katika kila 100 walio nayo hawajawahi kuambiwa. Tazama safu nzima ya vibanda vya Kibuye Jumapili, hesabu wanawake, utaona ninachosema. Jina hili hutolewa mtu akiwa na mawili katika haya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vijumba vingi. Wewe unayo yote matatu. Uliza tu kama damu yako ilipimwa pia tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa ya mama, kwa kuwa hayo nayo huvuruga hedhi.

Mitishamba ya 4,500 usinunue. Nakuomba. Siidharau miti ya kwetu. Nimelelewa na bibi aliyejua kila jani la ukingo wa mto. Lakini bibi alijua anachokichuma. Huyu anakuuzia unga ndani ya mfuko, hajui presha yako, wala hajakuuliza juu ya kichwa. Anakuambia kizazi chako ni kichafu. Kizazi chako si kichafu. Kitu kinachoweza kuyeyusha sehemu ya mwili kinaweza kudhuru, kiwe kimetoka kiwandani au porini, na ini halijali kama sumu ni ya asili. Zile 3,000 zitakulipia kipimo cha maana.

Na kilo 84. "Punguza mwili" ni maneno mepesi mno kumwambia mwanamke anayebeba mabelo, tena mwenye ugonjwa unaomfanya anenepe kwa urahisi. Huhitaji kuwa mwembamba. Mara nyingi kupungua asilimia 5 tu, kwako ni kilo nne na kitu, hutosha hedhi ianze kurudi. Usijinyime chakula mchana kutwa halafu usiku ukamaliza sufuria. Kabla ya kutoka alfajiri weka kitu tumboni, yai la kuchemsha au uji wa wimbi usio na sukari nyingi. Ugali uwe robo ya sahani, mboga za majani kama osuga au mrenda zijaze nusu, robo iliyobaki iwe omena, samaki, ndengu au maharagwe. Hesabu vijiko vya sukari kwenye chai zote za siku, wengi tukihesabu tunaogopa. Soda waachie wateja. Na ukiweza tembea kwa miguu kurudi nyumbani badala ya kupanda boda, hiyo ni dawa isiyoendesha tumbo.

Ndevu ziendelee kung'olewa au zinyolewe, wembe hauzifanyi kuwa nene kama watu wasemavyo. Mtu akikupa dawa ya spironolaktoni kwa ajili ya ndevu, mwambie unatafuta mtoto. Dawa hiyo yaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Subiri.

Tuje kwa mtoto, kwa maana ndiye aliyekufanya uandike. Wanawake wengi wenye PCOS huzaa. Hitilafu ni yai kutotoka kwa wakati, na ipo dawa ya kulitoa, letrozoli. Humezwa siku tano tu mwanzoni mwa mzunguko, na siku hizi ndiyo inayotangulizwa. Utafiti wa wanawake 750 Marekani, uliotangazwa mwaka 2014, uliilinganisha na klomifeni iliyozoeleka: waliopewa letrozoli, 27.5 katika kila 100 walijifungua mtoto hai, na waliopewa klomifeni 19.1, katika mizunguko isiyozidi mitano. Letrozoli huleta uchovu na kizunguzungu, klomifeni joto la ghafla mwilini na mara chache macho kuona ukungu, na zote mbili zaweza kuleta mapacha. Ni madhara ya siku chache, yenye mwisho unaojulikana. Omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, na anza foliki asidi sasa, kwa kuwa inapaswa kuwa mwilini kabla mimba haijaingia.

Lakini usimeze letrozoli hata moja kabla mume wako hajapimwa mbegu. Miaka minne ni mingi, na kipimo chake ni rahisi kuliko vyote ulivyopitia. Mwombe muende pamoja. Nadhani alinyamaza pale mezani kwa sababu hakuwa na la kusema, si kwa sababu aliyaamini ya mama yake. Hujamwambia jina la ugonjwa. Mwambie usiku huu, mkiwa wawili, na umwambie hata kuhusu kibano. Kisha yeye ndiye amweleze mama yake, kwa lugha yao, kwamba vidonge vilikuwa vya kutibu mfuko wa uzazi. Likitoka kinywani mwa mwanawe litamwingia kuliko likitoka kwako.

Kesho beba karatasi moja. Andika tarehe za hedhi unazozikumbuka, dawa ulizopewa na lini uliacha ipi. Wapimaji wakufunge mkono presha ijulikane. Na ule mwanga unaometameta kama bati la jua, uandike juu kabisa ya karatasi, uwe wa kwanza kusomwa kabla daktari hajaita mwingine.